Kifungu cha Kumi na Moja

Mama yangu, kule milimani Minas,
huamka kabla ya majogoo,
na kabla ya kahawa huwasha simu.
Waridi lenye umande, "Bwana akulinde leo,"
kwa watu mia na arobaini
kabla hajavaa viatu.

Mimi niko Brasília, ghorofa ya nne,
nalipwa kutafuta maneno.
Muswada uko mezani, kifungu cha kumi na moja:
nani abebe lawama
ujumbe ukishapita mikono elfu?
Wabunge wanautaka Alhamisi.
Nimefuta "kwa makusudi" mara tatu
na mara tatu nimeyarudisha.

Uongo wenyewe ulikuwa wa sekunde arobaini na mbili.
Sauti ya mwanamume, nzito, ya kutuliza,
iliyojiita daktari isijitaje jina:
jibini ya kibanda cha buluu, karibu na daraja,
imetiwa dawa ya kuhifadhia maiti;
mtoto mmoja amekwisha kulazwa; sambaza,
usiwaache uwapendao wakala.

Kibanda cha buluu ni kimoja tu pale darajani.
Ni cha Genésio, anayekamua mwenyewe
ng'ombe wake kumi na mmoja
na kuwaita kwa majina ya shangazi zake.

Walisema wahenga njia ya mwongo ni fupi.
Kweli ni fupi:
kidole gumba tu, na umefika.

Kufikia saa sita mchana bonde zima lilijua.
Jumamosi jibini zilikaa mezani zikitoka jasho;
wateja walikuwa nzi, maana nzi hawana simu.
Jumatatu mtu alipaka MUUAJI kwenye mlango wa bati.
Hakuna mtoto aliyelazwa. Nilipiga hospitali mwenyewe.
Muuguzi akacheka, kisha akaacha kucheka:
hata yeye alikuwa ametupa yake.

Nikampigia mama.
Nani alikutumia? Ivonete.
Na Ivonete? Kundi la rozari.
Na kundi la rozari?
Kimya. Nikasikia birika likichemka.
"Mwanangu, nilituma kwa sababu nawapenda."

Nimeupekua muswada wote, ibara kwa ibara.
Upendo haumo.

Sasa wananiambia: vunja kufuli.
Kila ujumbe uvae jina la aliyeuzaa,
tuufuate kinyumenyume, mkono kwa mkono,
hadi mdomo wa kwanza.
Nakiri, nataka.
Nataka kuuona mdomo ule ukila chakula cha jioni.

Lakini namkumbuka Neusa, wa dawati la pili,
miezi mitatu akilala kwa watu,
mumewe askari mwenye marafiki kila kituo.
Aliniandikia mtaa, namba ya mlango,
rangi ya pazia,
na hakuna aliyesoma ila mimi.
Kufuli lile lile.
Halina macho: halimjui aliyeficha kisu
na aliyekikimbia.

"Andika tu," mwenyekiti wa kamati anasema,
"mahakama zitajua la kufanya."
Anasema hivyo macho yakiwa kwenye simu yake,
kidole kikisukuma, kikisukuma.

Jana mama alikwenda darajani.
Alinunua jibini mbili, akamega moja mbele ya watu,
akala papo hapo, bila mkate.
Kisha akajirekodi, sauti yake ya kwaya ikitetemeka:
"Mimi Zulmira, nilikosea. Nimeila. Ni mzima."
Akaituma kwa wale wale mia na arobaini.
Kumi na mmoja waliisikiliza.
Mmoja alijibu kwa waridi.
Genésio hakusema kitu;
alimrudishia chenji sarafu kwa sarafu
bila kumtazama.

Saa tano usiku. Kifungu cha kumi na moja.
Nimefuta tena "kwa makusudi,"
na pale yalipokuwa kijistari kinapepesa,
kinangoja.
Simu inatetemeka juu ya muswada. Mama.
Ujumbe wa sauti, sekunde thelathini na nane,
na juu yake, kwa herufi ndogo za kijivu:
umesambazwa mara nyingi.

Sijaugusa bado.